Nilihama programu nne za kuchora bodi, sababu ni betri ya ami

Hii stori haianzi na kompyuta, inaanza na betri. Ami yangu ni mvuvi hapa Amu (Lamu), ana mashua yake, na usiku akitoka anabeba betri moja ya gari ya volti 12, hio hio ndo ya taa, ndo ya kuchaji simu, ndo ya ile GPS yake kuukuu aliyoifunga na kamba. Sasa ami ana ugonjwa mmoja, hajui kuzima. Taa zitawaka mpaka betri ikauke kabisa, na hizi betri za risasi na asidi hazitaki mchezo huo. Ikiwa imejaa na imetulia inasoma kama 12.6, ikifika 11.5 huku taa zinawaka ujue imeisha, na ukizoea kuishusha chini ya hapo kila usiku haikai sana, inabaki ya kuzuilia mlango tu. Alishaua mbili kwa mwaka mmoja. Ya tatu akaja nayo kwetu akaitua dakani, mama akamuuliza kama hapa kumekuwa ndo maziara ya betri, bas ami akanigeukia mimi, "Mwanangu, wewe si wacheza na nyaya, hebu nifanyie kitu kiizime chenyewe."

Nacheza na nyaya kweli, lakini mimi si injinia jamani. Mchana niko duka la fotokopi na kutaipu barua, huku mbele ya bahari, watu wanakuja kuprinti fomu na picha za pasipoti. Usiku ndo nakaa na bredibodi yangu, kile kibao cha matundu cha kuchomeka vipande bila kulehemu, na vipande nilivyovitoa kwenye redio mbovu. Kwa hio mtu akiniuliza nachora bodi, kile kibao chenye njia za shaba kinachoshika vipande, kwa programu gani (na siku hizi naulizwa sana, vijana wa shule wameanza kuja dukani na maswali) siwezi kujibu kwa jina moja, manake mwenyewe nilihama kama mtu wa nyumba za kupanga, nahamia hapa natoka pale, na kila nyumba ilikuwa na mlango mzuri wa kuvutia mpaka uingie ndani.

Kwanza saketi yenyewe, ili mjue nilikuwa nachora nini. Si kubwa. Kuna LM393, ile chipu ya miguu minane yenye vilinganishi viwili ndani, kila kimoja kinalinganisha volti mbili na kusema ipi kubwa. Kuna TL431 inatoa volti 2.5 ambazo hazitetereki, ndo mizani yangu. Alafu rezista mbili, 36k na 10k, zinaigawa volti ya betri, kiasi kwamba betri ikishuka 11.5 pale katikati panakuwa 2.5 vilevile, chipu inaona imefika, inazima mosfeti, ile swichi ya umeme isiyo na kitufe, taa zinakatika. Kilinganishi cha pili nikakitumia kupiga baza mapema kidogo, kwenye 11.8, ili ami apate onyo asije akaachwa gizani katikati ya maji bila kujua. Mosfeti nilichagua IRF4905 kwa sababu upinzani wake ni omu 0.02 tu, hata zikipita ampea 5 inapata joto la nusu wati, hata kibati cha kupoza haihitaji.

Mara ya kwanza kuiwasha ikawa disko. Taa zinazimika zinawaka zinazimika zinawaka. Nilidhani nimeharibu kitu, kumbe ni hivi, ukikata mzigo betri inapumua, volti inapanda, chipu inasema aah imepona, inawasha, betri inashuka tena, inazima, na mchezo unaendelea mpaka asubuhi. Dawa yake ni rezista moja inayorudisha kidogo kutoka mdomo wa chipu mpaka kwenye sikio lake, ili ikishazima kwa 11.5 isikubali kuwaka tena mpaka betri ivuke kama 12.5. Rezista ya shilingi chache, na ilinilaza saa tisa usiku.

Bredibodi lakini huwezi kuipeleka baharini. Wimbi moja la kusi na waya zote ziko chini. Ilibidi nipate bodi ya kweli ya shaba, na bodi ya kweli lazima uichore kwanza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Fritzing. Hii ilianzia chuo kimoja cha Potsdam, Ujerumani, mwaka 2007, na uzuri wake ni kwamba inakuonyesha bredibodi kama ilivyo, na matundu yake na nyaya zake za rangi, kwa hio mtu mgeni haogopi. Kodi yake ya chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, iko wazi kwa kila mtu lakini kudaunlodi ile iliyo tayari wanaomba kama yuro 8, si pesa nyingi ila kwa kijana wa shule asiye na kadi ya benki ni ukuta. Mimi nilikuwa na toleo la zamani kwenye laptopu niliyonunua mtumba. Kwa kuchora picha ya kumfundishia mtu, sijaona ya kuishinda, mpaka leo nikitaka kumwelekeza mtoto jinsi ya kuunga LED natumia hio. Shida ilianza nilipotaka kupita kwenye bodi. Kipande ukikikosa kwenye maktaba yao inabidi ukichore mwenyewe, picha ya bredibodi, picha ya mchoro, picha ya bodi, yote, nikajikuta usiku mzima nachora mosfeti badala ya kuchora bodi. Nikafunga.

Nyumba ya pili ilikuwa ya kwenye brauza. Jina silitaji kwa sababu kilichotokea hakikuwa kosa lake, ni kosa langu na la mji wetu. Nilifungua akaunti, nikachora mchoro wote kwa jioni mbili, raha mustarehe, hakuna cha kuinstoli, vipande vimejaa, unatafuta kwa jina kinakuja. Jioni ya tatu nikaanza kupanga bodi. Nilikuwa natumia data ya simu, simu nimeitundika dirishani kwa sababu kuta zetu hizi za matumbawe, nene futi moja na zaidi, ndani ya chumba netiwaki haingii hata uisomee. Nachora, napanga, napindisha njia, saa mbili nzima, juu kuna kialama chekundu kidogo mimi hata sikukitazama. Stima ikapotea mtaa mzima, mnara nao nadhani ukaenda, na laptopu yangu betri yake (tunarudi palepale kwa betri) inakaa dakika kumi. Ikazima. Kesho yake naingia, mchoro upo, bodi hamna. Kazi ya saa mbili imeenda na maji ya kupwa.

Sasa nisije nikaonekana nachukia programu zote za brauza. EasyEDA kwa mfano ni ya watu wa Shenzhen na imeungwa moja kwa moja na duka la vipande la LCSC na kiwanda cha JLCPCB, yaani unachagua rezista ukiwa tayari unajua iko ngapi stoo na bei gani, ukimaliza kuchora unabonyeza unaagiza. Kwa mtu aliye Nairobi na faiba ya nyumbani, anayetaka bodi moja haraka na vipande vimeshalehemiwa, simwambii aache. Na wana toleo la kuinstoli kwenye kompyuta linaloweza kufanya kazi bila intaneti. Lakini mimi baada ya usiku ule nilikuwa nimeapa, chochote nitakachochora kikae kwangu, kwenye diski yangu, na nakala kwenye flashi, na kifunguke hata kama mkonga wote wa baharini umekatika. Hio ndo ikawa sharti langu la kwanza na sikuwa nalo kabla. Kabla ya hapo nilikuwa naangalia vitu vya kijinga, ati ipi ina rangi nzuri, ipi inaonyesha bodi kwa 3D.

Ya tatu ni EAGLE. Nililetewa na binamu yangu aliyekuwa anasoma Mombasa, akaniambia hii ndo ya wakubwa. Na kweli ina historia, ilitoka Ujerumani mwaka 1988, kampuni ya CadSoft, na kwa miaka mingi watu wa hobi dunia nzima walikuwa hapo, michoro ya Arduino Uno, ile bodi ya kujifunzia, iko kwa EAGLE, ya kampuni za SparkFun na Adafruit pia mingi iko hivo hivo, ukitaka kusoma kazi ya mtu lazima ujue kuifungua. Toleo la bure lilikuwa na mipaka, karatasi mbili za mchoro, tabaka mbili za shaba, na eneo la bodi sentimita 80 za mraba. Bodi yangu ilikuwa 5 kwa 7, ikaingia bila shida. Nikaipenda, wallahi nikaipenda. Kuna kitu kimoja walikifanya vizuri, mchoro wa kipande na miguu yake kwenye bodi vimefungwa pamoja tangu maktabani, ukichukua LM393 ya miguu minane unachukua na matundu yake palepale, hukosei.

Alafu nikaanza kusoma yaliyoipata. Autodesk waliinunua 2016, mwaka uliofuata wakaiondoa kwenye kununua mara moja wakaileta kwenye kulipia kwa mwezi au kwa mwaka. Na 2023 wakatangaza kwamba EAGLE yenyewe kama EAGLE mwisho wake ni tarehe 7 Juni 2026, wanaotaka kuendelea wahamie Fusion, programu yao nyingine. Sina ugomvi nao, mwenye nyumba ana haki ya kuuza nyumba yake. Lakini nilijiona mimi, mtu wa Langoni na laptopu ya mtumba, nimekaa nyumba ambayo mwenyewe ameshatoa notisi, na mimi ndo kwanza natundika pazia. Cha kumshukuru ni kwamba kuanzia toleo la 6 faili zake ziliandikwa kwa XML, maandishi ya kawaida, ndo maana programu zingine ziliweza kujifunza kuzisoma. Michoro ya watu haikuzikwa.

Hapo ndo nikaja KiCad. Watu huitamka kii-kadi. Aliianzisha mwalimu mmoja Mfaransa, Jean-Pierre Charras, mwaka 1992, akifundisha chuo cha ufundi Grenoble, na ingebaki kitu cha darasani kama si CERN, ile maabara ya fizikia kule Uswisi, kuamua miaka ya 2010 kuweka waandishi wake wa programu waisaidie. Ni ya bure, si bure ya mtego, bure ya leseni ya GPL inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, hakuna mpaka wa eneo, hakuna mpaka wa karatasi, shaba unaweza kwenda tabaka 32 kama una kazi nazo (mimi sina). Kwa Windows faili la kuinstoli ni zito, kama gigabaiti nzima, nilinunua bando la usiku nikaacha inashuka huku nimelala na simu imetundikwa palepale dirishani. Mzigo mkubwa ni yale maumbo ya 3D, kwa Linux waweza kuyaacha ukachukua programu peke yake.

Siku ya kwanza niliichukia, na nalisema hili kwa sababu nimeona vijana wawili wameacha siku ya kwanza hio hio. Umetoka EAGLE umezoea kipande na miguu yake ni kitu kimoja, huku unaweka rezista kwenye mchoro na rezista haina mwili. Ni alama tu. Inakungoja wewe uiambie mwili wake ni upi, ni ile ya miguu mirefu ya matundu yaliyoachana milimita 7.62, ama ni ile ndogo ya kubandika juu ya bodi, ya saizi ya 0805. Wanaita futiprinti, nyayo za kipande kwenye bodi. Nikasema huu ni usumbufu gani. Ilinichukua wiki kadhaa kuona kwamba usumbufu ule ndo unaonifundisha, manake sasa kila kipande nalazimika kujiuliza, hiki nitakachokishika mkononi ni kipi hasa? Dukani kwetu hapa hakuna vipande, mimi naagiza Nairobi au natoa kwenye takataka, sipati ninachotaka, napata kilichopo, kwa hio mwili wa kipande changu unabadilika kila wiki wakati mchoro ni uleule. Kwa mtu kama mimi ule utengano ni neema. Kwa mtu anayeagiza kila kitu sehemu moja pengine ni kero tu, sibishi.

Na kuna ile ya kusukuma njia, ambayo CERN waliitia. Unavuta njia ya shaba, ukigusa nyingine haigomi, ile nyingine inajisogeza, na iliyo nyuma yake nayo inasogea. Nilicheka peke yangu, ni kama punda wawili wa mchanga wamekutana kwenye kichochoro cha Mkomani, mmoja anajibanza ukutani, na wewe uliye nyuma unajibanza barazani kwa watu, bas wote wanapita. Ami alikuja akanikuta nafanya hivo, akasimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. "Hizi ndia zote za nini?" Nikamwambia hii ya ishara, hii ya baza, hii pana ya taa zako. Akaiangalia ile pana. "Hii ndo Usita wa Mui," yaani njia kuu ya mji wetu. Tangu siku hio faili langu zile njia za umeme mkubwa zimeitwa usita, ukifungua utaona.

Na usita lazima uwe mpana kweli. Ndani ya KiCad kuna kikokotoo, unaiambia ampea 5, shaba ya kawaida ya mikroni 35, ikubali kupanda joto nyuzi 10, inakuambia karibu milimita 2.8. Nikaweka 4 na juu yake nikamimina lehemu, sitaki kusikia bodi imeungua huko nje Kiwayu na mimi niko kitandani.

Toleo la kwanza sikuagiza, nilitengeneza nyumbani, na hapa ndo faida ya kufanya kazi duka la fotokopi ilipoonekana. Unaprinti njia zako kwa printa ya leza kwenye karatasi ya gazeti ile inayong'aa, unailaza kwenye kibati cha shaba, unapiga pasi ya moto, tona inahama kutoka karatasi inashika shaba, unaloweka kwenye maji unasugua karatasi itoke, alafu unazamisha kwenye feriki kloraidi, shaba yote inaliwa isipokuwa iliyofunikwa na tona. Pasi ilikuwa ya mama. Feriki kloraidi inaacha madoa ya rangi ya kutu ambayo hayatoki, na mimi nilifanyia karibu na beseni la nguo. Sitaeleza zaidi. Nilinunua pasi nyingine.

Na baada ya kupitia yote hayo, bodi ikatoka kinyume. Unajua, njia za upande wa chini programu inakuonyesha kana kwamba unaziangalia kutoka juu, bodi ni kioo. Na pasi inageuza kila kitu mara moja. Kwa hio ukiprinti kama ilivyo, pasi inaiweka sawa. Mimi nilijifanya mjanja, nikatia alama ya kugeuza kwenye dirisha la kuprinti, nikawa nimegeuza mara mbili. LM393 haikukubali kukaa, mguu wa kwanza uko upande wa mguu wa nane. Nikaichukua nikaikunja miguu yote kuelekea juu nikailaza chali kama kombamwiko aliyekufa, nikailehemu hivohivo, na ikafanya kazi! Ami aliitumia miezi minne ikiwa chali. Ikifunikwa ndani ya kopo la plastiki nani anajua.

Kosa hilo hakuna programu ambayo ingenizuia. Kile kitufe cha kukagua sheria kinaangalia njia zisigusane, matundu yasikaribiane, kila kinachotakiwa kuungwa kimeungwa, lakini hakijui unashika nini mkononi. Toleo la pili nikaangukia palepale kwa mlango mwingine. Transista ya baza, kile kijiswichi kidogo cha kuiwasha, nilichora BC547, nikaletewa 2N3904, nikasema si zote ni NPN ndogo nyeusi, si zinafanana? Zinafanana kama pacha. Ila ukiitazama upande wa bapa, ile miguu mitatu ya BC547 inaanza na kolekta kushoto, 2N3904 inaanza na emita. Mguu uliobaki, base, uko katikati kwa zote, kwa hio dawa ni kuigeuza tu iangalie nyuma, na bodi zangu zote tano zina ile nusu duara nyeupe inayodanganya, nimeandika kwa kalamu pembeni "geuza".

Tangu hapo nina desturi moja na hii namwambia kila anayekuja, hata akichora kwa programu gani. Kabla ya kuagiza naprinti bodi kwa karatasi, kwa kipimo chake halisi, moja kwa moja, napima kwa rula kwamba 50 ni 50 kweli manake printa zingine zinapunguza ili iingie ukurasani, alafu natoboa karatasi kwa sindano na napachika vipande vyenyewe nilivyonavyo. Kipande kikikataa karatasi kitakataa na bodi. Karatasi moja ni shilingi kumi, na kwangu mimi ni bure, bosi asisome hapa.

Bodi tano za toleo la pili niliagiza Uchina. Watu wanaogopa hii hatua na ndo rahisi kuliko zote, unatoa faili za Gerber, ile michoro ambayo viwanda vinaisoma, moja kwa kila tabaka, na faili la matundu, unazifunga zip unawapelekea, kiwanda hakijali ulichora na nini. Wewe hamahama unavyotaka, mwisho wote tunatoka na Gerber. Kwa JLCPCB bodi tano za tabaka mbili zisizozidi sentimita 10 kwa 10 ziko kwa ofa ya dola 2, kinachouma ni usafiri, unazidi bodi zenyewe mara kadhaa. Zikatua Nairobi, zikapanda basi, Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, alafu boti kuvuka. Kijana wa boti akanipa bahasha akaniuliza ni dhahabu, manake nzito kidogo.

Dhahabu kweli ningeitaka. Hewa yetu hapa ina chumvi, shaba iliyo wazi ukiiacha kusi moja inakuwa kijani kama birika la msikitini. Ile ya kwanza niliyopiga pasi niliipaka rangi ya kucha, nyekundu ndo niliyokuwa nayo, ami akauliza kama bodi inaolewa. Za kiwandani zina ule utando wa kijani unaofunika njia na pedi zimepakwa bati, bado hata hizo nazipaka, safari hii rangi isiyo na rangi.

Kwa hio mtu akija dukani nikiwa sina foleni namuuliza yeye kwanza. Stima yenu ikoje? Laptopu ni ya nani, yako ama ya shule? Unachora moja ya mtihani ama unataka kuendelea? Akiwa ni wa mtihani wa wiki ijayo na ana intaneti, namwambia achukue ya brauza asihangaike, ila asevu na adaunlodi nakala kila akinyanyuka kwenda kunywa maji. Akiwa anataka kukaa, namwekea KiCad kwenye flashi, na namwambia avumilie wiki mbili, ajifunze herufi nne tano za kibodi, A ya kuweka kipande, W ya waya, R ya kugeuza, X ya kuvuta njia kwenye bodi, alafu asitazame nyuma. Wengi wanataka kwanza wajaribu zote wachague iliyo bora. Nami nilifanya hivo na naweza kukuonyesha folda nne zenye bodi ileile nusu nusu. Moja tu ndo ilifika baharini.

Haina maana KiCad haina kasoro. Faili ukilisevu kwa toleo jipya, toleo la zamani haliwezi kulifungua, nilimtumia binamu mchoro wa toleo la 9 yeye ana 8, ikamkatalia, ikabidi naye anunue bando. Na kuna siku inajifunga yenyewe bila kusema kwaheri. Lakini inakuwekea nakala, na faili lake ni maandishi tu, siku moja nililifungua kwa notipadi nikatafuta neno usita, likaja, na namba zake, milimita 4, nikalibadilisha pale pale kuwa 5 nikasevu. Sijui kwa nini hio ilinifurahisha sana. Nadhani ni kuona kwamba hata KiCad ikipotea kesho, mtu akija na kalamu na subira atausoma mchoro wangu.

Saa hii niko toleo la tatu. Nimeongeza fyuzi, ambayo, ndio, nilisahau mara mbili zote, msiniambie. Betri ya ami inaingia mwaka wa pili na bado ina uhai, isipokuwa amegundua kwamba akiichomoa bodi akaunga taa moja kwa moja anapata dakika ishirini zaidi, na nimemkuta nayo mkononi. Jana kaja na jipya, anataka tundu la simu lile la kisasa, aachane na ile chaja ya kuchomeka. Nimefungua maktaba, soketi za USB-C ziko za miguu 6, ziko za 16, ziko za 24, na iliyo mezani kwangu niliitoa kwenye pawabenki iliyokufa, haina jina wala namba. Kesho asubuhi kabla hatujafungua duka naprinti zote tatu.